Malalamiko: seti yenu ya sola imemaliza pipa la lita 100 ndani ya siku moja na mi niko safarini

Habari zenu watu wa huduma kwa wateja,

Hii ni meseji ya tatu nawaandikia kuhusu ile seti ya kumwagilia kwa sola, yenye paneli, kiboksi cha kuendeshea chenye betri ndani, pampu ndogo ya kuzamisha kwenye pipa, mipira na dripa 12, yaani vile vidomo vya kudondoshea maji kwenye chungu. Mbili za kwanza mmenijibu maneno yaleyale, "hakikisha paneli haiko kivulini", mpaka koma zimekaa sehemu moja, sasa safari hii naomba asome mtu na asome mpaka chini kwasababu shida yangu sio jua. Jua lilikuwepo la kutosha. Paneli nimeiweka nje ya grinihausi, haina mti wala ukuta mbele yake, nimeipima kwa mita mchana ikiwa haijaunganishwa na kitu inasoma karibu volti 20, yaani iko vizuri kabisa, na hapo ndo panapouma.

Niliinunua sababu nilikuwa nasafiri siku 10 na sina mtu wa kunimwagilia. Nyanya 8, hoho 2, matango 2, zote kwenye vyungu. Mnajua wenyewe grinihausi hainyeshewi mvua, na siku ya jua kali humo ndani joto linapita nyuzi 40 ukisahau kufungua madirisha, chungu kinakauka asubuhi mpaka jioni. Wazo lenyewe la mashine niliipenda na bado naipenda sitaki kuwa muongo, inapiga maji kila baada ya masaa 3, jua likiwa kali inapiga muda mrefu, kukiwa na mawingu inapiga kidogo, na mmea nao ndivyo unavyokunywa. Nikapiga hesabu lita 8 kwa siku vyungu vyote, siku 10 ni lita 80, pipa la 100 linabakiza akiba. Poa.

Nikafunga asubuhi ya siku ya kusafiri. Hilo ni kosa langu nalikubali nusu, ningefunga wiki moja kabla ningegundua, ila nyie kwenye boksi mmeandika "funga, washa, safiri", sasa nimefunga nikawasha nikasafiri mnanilaumu nini? Pipa nikaliweka juu ya matofali, kwanini juu ya matofali, kwasababu picha yenu ya mbele ya boksi inaonyesha pipa juu ya matofali na vyungu chini yake, nimeiga mpaka upande wa bomba. Pampu ikaunguruma, maji yakaanza kudondoka chungu kimoja kimoja, nikasimama pale naangalia matone kama mtoto nikafunga mlango nikaondoka na amani yangu. Kumbe matone ndo yaleyale yaliyoniua. Pampu ilizima kama inavyotakiwa, matone hayakuzima.

Nimerudi siku ya kumi usiku, kabla hata sijawasha taa nikaisikia pampu inaunguruma kwenye pipa tupu. Kavu kabisa. Sijui imefanya hivyo siku ngapi, na pampu ya kuzamisha inapozwa na maji hayohayo inayovuta, ndomana sasa hivi inapiga kelele kama ina mchanga ndani. Chini ya vyungu kuna alama ya tope lililokauka mpaka mlangoni, kwahiyo maji yalifurika kwanza halafu ndo ukame ukaanza. Matango yamekufa yote mawili. Hoho zimedondosha maua yote. Nyanya 3 zimekufa, 5 zimebaki, na hizo nilipozimwagilia matunda yakapasuka, mengine kitako kimekuwa cheusi, halafu mwenzenu mmoja kwenye simu akanishauri ninunue mbolea ya kalsiamu! Dada yangu kalsiamu ilikuwepo kwenye udongo, inapanda na maji, maji yakikatika haifiki kwenye tunda, sasa hiyo mbolea ingepanda na nini.

Nikakaa nikajiuliza lita 100 zimeenda wapi. Nikajaza pipa upya, nikawasha mpaka maji yakajaa kwenye mipira, halafu nikachomoa waya wa pampu kabisa, sio kuzima, kuchomoa. Maji yakaendelea kudondoka. Nikaweka chombo chenye vipimo chini ya dripa moja saa nzima nikapata mili 600, zidisha kwa 12 ni lita 7 na ushee. Yaani saa moja pampu ikiwa imezima inamaliza karibu maji ya siku nzima, na pipa lote linaisha ndani ya siku moja tu hata ukihesabu kwamba kasi inapungua maji yakishuka.

Hii sio maajabu. Mtu yeyote aliyewahi kufyonza mafuta kwenye tanki kwa mpira anaijua, ukishavuta mara ya kwanza na ncha ya mpira iko chini kuliko mafuta, yanajivuta yenyewe mpaka yaishe. Pampu yenu inafanya kazi ya yule mtu wa kufyonza, ikishamaliza inaenda kulala. Dawa yake ni kile kivalvu kidogo cha kuingiza hewa kwenye mpira, kinakaa sehemu ya juu kabisa, pampu ikizima hewa inaingia maji yanakatika. Na nyie mnakijua maana nimekikuta kwenye orodha yenu ya vipuri kinauzwa peke yake! Kwenye boksi hakipo, kwenye karatasi ya maelekezo hakijatajwa hata mara moja, nimeisoma mara mbili na miwani. Maelekezo yana nusu ukurasa wa namna ya kufuta vumbi kwenye paneli.

Ah na kile kikengele cha kulia maji yakiisha, jamani, kinamlilia nani? Mwenye mashine si amesafiri. Bora pampu ijizime yenyewe.

Ninachotaka: pampu mpya badala ya hii iliyosagika, na hicho kivalvu bila kunilipisha, au nirudishieni hela yangu yote niwarudishie mzigo wenu, mimi lolote kati ya hayo sawa. Mimea siwadai, ingawa ningeweza. Ila ile picha ya kwenye boksi itoeni, au lishusheni pipa liwe chini kuliko vyungu, maana kuna mtu leo anaiangalia anapanga matofali na begi lake liko mlangoni.

Nimeambatanisha risiti, picha za grinihausi na video ya dripa zinadondosha huku waya wa pampu nimeushika mkononi. Video ina dakika 4, angalieni yote, halafu mnijibu. Neno kivuli sitaki kuliona.

Mteja wenu