Bahari hujaa mara mbili: barua kwa mwalimu wa fizikia

Jambiani, Unguja

Swahiba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa utulivu. Nimefurahi kusikia mama amepata nafuu na mvua zimeshika vizuri huko Tabora. Huku kwetu sote wazima, alhamdulillahi. Watoto wanakusalimu.

Umeniandikia kwamba wanafunzi wako wanaijua kanuni ya mvutano kwa ghibu, neno kwa neno, lakini ukiwauliza ina kazi gani duniani wanainamisha vichwa. Ukaniomba mfano mmoja ambao hautoki kitabuni. Mfano ninao, tena mkubwa. Nakupa bahari.

Njoo hapa siku ya bamvua, yaani siku maji yanapotoka na kujaa kupita kawaida, saa nne asubuhi. Maji yametoka mpaka karibu na mwamba, na pwani yote imebaki mchanga, majani na vidimbwi. Wanawake wameinama kwenye vigingi vyao vya mwani, wengine wako mbali zaidi wanachokoa pweza. Rudi mahali pale pale saa kumi jioni, utakuta ngalawa inapita na tanga lake mahali walipokuwa wamesimama. Tofauti ya kina ni mita 3 na nusu, na bamvua kubwa hufika 4. Baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, bahari haitoki sana wala haijai sana. Tofauti inashuka mpaka mita moja na kitu, na mwenye shamba la mwani la mbali hulifikia kwa taabu.

Wazee wetu hili wanalijua bila karatasi. Muulize mvuvi leo mwezi ngapi, atakuambia na maji yatajaa saa ngapi. Hesabu hiyo ni sahihi na imelisha watu karne na karne. Lakini ni hesabu ya pwani hii. Mpeleke mzee huyo kwenye bandari ya nchi nyingine, atakuta mwezi ni ule ule ila saa za maji ni nyingine, itambidi ajifunze upya. Kanuni inafanya kazi ya aina nyingine: inaunganisha mambo ambayo kwa macho hayana uhusiano wowote.

Waanzishie na embe. Embe likikatika mtini huanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza (ukiacha upepo). Mwezi nao unaanguka, ila kwa kuwa una mwendo wa pembeni, kuanguka kwake ndiko kunakoipinda njia yake ikawa duara kutuzunguka. Sasa, Mwezi uko mbali na kiini cha Dunia kiasi cha nusukipenyo 60 za Dunia (nusukipenyo ni umbali kutoka kiini cha Dunia mpaka juu yake). Newton, Mwingereza aliyetupa kanuni hii, akasema mvutano hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo kule juu unapaswa kuwa dhaifu mara 60 zidisha 60, yaani mara 3,600. Fanya hesabu utaona: mita zile 4.9 ambazo embe huzianguka kwa sekunde moja, Mwezi huzianguka kwa dakika nzima. Umbali wa Mwezi na muda wa mzunguko wake ulikuwa umeshajulikana, na hesabu ikakubali. Kitu kinachoangusha embe la Tabora ndicho kinachoushika Mwezi usitoroke. Mimi kila nikiifanya hesabu hii nasisimka.

Kabla hujafika kwenye bahari yenyewe, wasimulie habari za Galileo, mwanasayansi wa Italia. Mwaka 1632 alitoa kitabu chake kikubwa cha kutetea kwamba Dunia inazunguka, na hoja aliyoitegemea sana ilikuwa kujaa na kupwa kwa bahari. Alidai maji yanasukwasukwa kwa sababu ya mwendo wa Dunia. Kepler, mtaalamu wa nyota Mjerumani, alikuwa ameshaandika tangu 1609 kwamba Mwezi ndio unaoyavuta maji, na Galileo akamshangaa, mtu mwenye akili kama yule kuamini mambo hayo. Lakini nadharia ya Galileo ilidai bahari ijae mara moja kwa siku, na bahari inajaa mara mbili. Wanafunzi wako walione hilo kwa uzito wake. Huyu ni mmoja wa wanasayansi wakubwa kuliko wote, na juu ya Dunia kuzunguka alikuwa sahihi, lakini jina lake halikumsaidia mbele ya maji. Mvuvi asiyejua kusoma angeweza kumsahihisha.

Na hiyo mara mbili ndiyo kiini cha barua yangu, kwa sababu ndipo walimu wengi wanapopita haraka. Mwanafunzi mwerevu atakuuliza: ikiwa Mwezi unavuta maji, sawa, yatajaa upande ulioelekea Mwezi. Mbona yanajaa na upande wa pili, ulioupa Mwezi mgongo? Ni swali zuri kabisa, usimkatize.

Mwambie afikirie ngalawa tatu kwenye mstari mmoja, zote zinakwenda upande mmoja kwa upepo mmoja. Ya mbele ina tanga kubwa, ya kati tanga la wastani, ya nyuma tanga dogo. Aliyekaa ngalawa ya kati ataona nini? Ya mbele inamkimbia. Ya nyuma inabaki nyuma. Kwa macho yake zote mbili zinakwenda mbali naye, moja huku, nyingine kule, ingawa hakuna hata moja inayosukumwa kurudi. Hivyo ndivyo ilivyo. Maji yaliyo karibu na Mwezi yanavutwa zaidi kuliko kiini cha Dunia, na kiini kinavutwa zaidi kuliko maji ya upande wa mbali. Sisi tunaoishi juu ya ngalawa ya kati tunaona bahari imevimba pande mbili. Dunia ikijizungusha, pwani moja inapita kwenye vimbe zote mbili, na kwa kuwa Mwezi nao unasogea, mzunguko huo unachukua saa 24 na dakika 50 hivi. Ndiyo maana kila siku maji huchelewa.

Kwa hiyo kinachoijaza bahari ni tofauti ya mvutano kati ya huku na kule, wala si ukubwa wa mvutano wenyewe. Hapa usiwape jibu, wape namba wahesabu. Tungamo la Jua, yaani wingi wa maada yake, ni kama mara milioni 27 la Mwezi, na liko mbali mara 390 hivi kuliko Mwezi. Kwanza wagawanye milioni 27 kwa mraba wa 390. Watapata karibu 178: Jua linaivuta Dunia mara 178 kuliko Mwezi! Waache washangae, maana sasa itaonekana kama Mwezi hauna kazi baharini. Halafu waambie kwamba tofauti ya mvutano hupungua kwa mchemraba wa umbali (umbali × umbali × umbali), si kwa mraba wake. Wagawanye tena, safari hii kwa 390 × 390 × 390. Watapata kama 0.46. Jua, pamoja na ukubwa wake wote, linaisogeza bahari kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya Mwezi.

Na hapo bamvua na maji mafu vinajitokeza vyenyewe. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, Jua na Mwezi viko kwenye mstari mmoja na Dunia, kwa hiyo 1 jumlisha 0.46. Mwezi ukiwa nusu, vinavuta kwa pembe mraba, kwa hiyo 1 toa 0.46. Gawanya 1.46 kwa 0.54, utapata karibu 2.7. Linganisha na mita zangu za hapo juu, 3 na nusu kwa moja na kitu. Kwa hesabu ya mistari miwili iliyofanywa darasani, kilomita mamia kutoka baharini, nani angetaka zaidi?

Usiwafiche kwamba picha hiyo haitoshi. Kwa vimbe mbili peke yake, usiku wa mwezi mpevu maji yangejaa saa sita, Mwezi ukiwa utosini. Hapa Unguja yanajaa karibu saa kumi alfajiri. Mvutano ni ule ule, ila bahari ina pwani zinazoizuia, ina kina kifupi na kirefu, na maji hayana nafasi ya kuukimbiza Mwezi kwa raha. Mfaransa Laplace ndiye aliyeandika, katika miaka ya 1770, milinganyo ya maji yanayosafiri juu ya Dunia inayozunguka. Karne moja baadaye William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, akabuni mashine ya magurudumu na kapi ya kujumlisha mawimbi hayo na kutabiri maji ya bandari kwa mwaka mzima. Lakini mashine haikuweza kuanza mpaka ilishwe vipimo vya bandari yenyewe. Kanuni hutoa mapigo ya Mwezi na Jua, bandari hutoa ucheleweshaji wake na kimo chake. Kile ambacho mzee wetu amekihifadhi kichwani, kwamba mwezi mpevu maji ni saa kumi, ndicho hicho kipimo cha bandari. Tangu nilipolielewa hili heshima yangu kwa wazee wa pwani imezidi.

Jambo moja zaidi, kwa sababu najua utalipenda. Maji haya yakisuguana na sakafu ya bahari yanaipunguza Dunia kasi ya kujizungusha. Kile inachopoteza Dunia hakipotei, Mwezi unakipokea na unasogea mbali. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha huko vioo mwaka 1969, na miali ya leza inayorushwa kutoka Duniani na kurudi inaonyesha Mwezi unatukimbia kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Basi zamani sana siku zilikuwa fupi. Mwaka 1963 Mmarekani John Wells alihesabu mistari myembamba ya ukuaji kwenye matumbawe yaliyogeuka mawe karibu miaka milioni 400 iliyopita, mstari mmoja kwa siku moja, akapata siku kama 400 ndani ya mwaka mmoja. Siku ya wakati ule ilikuwa ya saa 22 tu. Matumbawe yaliweka daftari.

Sasa tufanye kazi. Nyinyi hamna bahari, lakini Mwezi mnao. Mwezi ujao ukipevuka, wanafunzi wa bweni waandike kila usiku saa na dakika ambayo Mwezi unatokeza juu ya paa lile lile, wasimame mahali pale pale. Waombee ruhusa, maana kila usiku utazidi kuchelewa. Mimi nitaandika saa ya maji kujaa hapa, siku hizo hizo. Usiwatajie dakika 50 kabla. Na usishtuke safu zetu mbili zisipolingana siku kwa siku. Karibu na bamvua maji huchelewa kidogo tu, na karibu na maji mafu huchelewa hata zaidi ya saa nzima, kwa sababu Jua nalo linavuta upande wake. Huko Mwezi utakwenda kwa hatua zake, nazo hazilingani kila usiku. Wakikuuliza kwa nini, wape kwanza namba zangu, wabishane wenyewe, ndipo uwachoree.

Nitumie saa zenu kwa simu kila asubuhi, nami nitakutumia zangu. Ukipata wa kuja Dar, nipatie asali ya huko. Mimi nitakupelekea pweza mkavu kwa mtu huyo huyo akirudi. Msalimie sana mama, na wanafunzi wote.

Wako,
Swahiba wako wa Jambiani