Njoo Wakati wa Matlai

Likoni, Mombasa

Shoga yangu wa tangu shule,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikalia. Kwa hivyo mmeamua: hakuna kamati, hakuna michango, hakuna watu mia nne wanaongoja pilau. Mtatoroka wawili, mje mfunge ndoa huku mbele ya mashahidi wawili, na mmoja ni mimi. Nimekubali hata kabla sijamaliza kusoma. Ila huo mwezi wa tano mlioupanga kwa kuwa vyumba vya hoteli vina bei nafuu, nakuomba uufute leo.

Bei imeshuka kwa sababu ni masika. Mwezi wa tano ndio wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa, na upepo wa kusi unakuwa umeshaingia: mawimbi yanapiga, wavuvi wa ngalawa wanakaa mchangani wakitazama. Mwenzangu, nasema nililoliona. Sisi tulifunga yetu mwezi huo huo. Mvua ilianza alfajiri, njia zikajaa maji, na shahidi wa mume wangu akafika viatu mkononi, suruali ameikunja magotini, saa nzima baada ya zamu yetu kwa msajili wa ndoa kupita. Tulihurumiwa, tukaingizwa mwisho. Picha zote tulipigwa barazani, nyuma yetu ukuta. Bahari niliyokulia kando yake haimo hata katika picha moja ya siku ile, na jambo hilo bado linaniuma.

Disemba usijaribu. Kaskazi huwa inavuma vizuri, lakini watu wa bara wote wako huku, na hao jamaa unaowakimbia utawakuta pale pale ufuoni. Februari na Machi ni joto. Jasho halikauki hata kivulini.

Njoo mwezi wa kumi. Kusi inakuwa imechoka, kaskazi haijaja, na katikati yake kuna siku za matlai, bahari imetulia kama maji ya mtungini. Mvua za vuli zaweza kukuonjesha kidogo, lakini aghalabu hupita na jua likatoka.

Na ukishachagua mwezi wa kumi, usikimbilie Jumamosi yoyote ile. Tazama mwezi wa angani. Uliniandikia kwamba mnataka kusimama ukingoni mwa maji jua likizama baharini. Shoga, huku kwetu jua linazama bara, nyuma ya minazi. Baharini ndiko linakochomozea. Lakini mwezi mpevu nao hutokea baharini, jua linapozama hivi, mwekundu kwanza kisha mweupe. Siku hizo ni za bamvua. Maji hutoka mbali sana, na mnamo saa nne asubuhi utaona miamba mitupu na vidimbwi, na watu wanaotafuta pweza. Wageni wengi hufika saa hiyo na nguo zao nzuri, wakaikosa bahari. Kisha maji hurudi, na kufikia saa kumi jioni yamejaa, yanagusa mchanga mkavu. Kwa hivyo asubuhi twende kwa msajili, mchana mpumzike, na saa kumi tuwe ufuoni, Nyali au hapa kwetu Shelly. Tukae hapo hapo mpaka mwezi utoke. Nimeuona mara nyingi, na kila mara nilitamani ungekuwa siku yangu.

Karatasi nazo msizisahau. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka msajili apewe ilani siku 21 kabla, isiwe zaidi ya miezi 3. Mkitaka mwezi wa kumi, leteni mwezi wa nane au mapema wa tisa. Na hapa nina neno ambalo nimelizungusha kichwani tangu jana. Ilani hiyo hutangazwa, na mtu yeyote ana haki ya kupinga. Siri yenu basi si siri kamili. Najua unamwogopa mamako, na najua kwa nini. Lakini mimi wangu alisikia kwa jirani, shoga, akakaa miezi miwili hanipigii simu, na aliponipigia aliniuliza jambo moja tu: nilivaa nini. Sikuweza kumjibu kwa kulia. Mwambie wako wewe mwenyewe, hata kama ni usiku wa kuamkia safari. Asiruhusiwe kuja ukitaka, lakini ajue.

Kikuba cha asumini nitakusukia mimi, usinunue. Chumba cha nyuma nitakipaka chokaa upya kusi ikipungua. Niandikie haraka mmeamua mwezi upi, nimwambie na mume wangu aombe ruhusa kazini. Yeye ndiye shahidi wa pili, kama shemeji ataridhia.

Shogayo akupendaye