Shukrani kwa mzee wa chokaa, stesheni ya Kigoma

Shikamoo mzee wangu. Jina sikukuuliza, na hilo linaniuma hadi leo. Siku ile tulishafungua mfuko wa saruji tuzibe nyufa za ukuta wa stesheni, jengo la enzi za Mjerumani, reli ilipofika Kigoma mwaka 1914. Ukatua begi, ukagonga lipu kwa kidole: po, po. “Wanangu, saruji itafungia maji ndani. Tafuteni chokaa.” Ukakunja suruali, ukatuonyesha kuulowanisha ukuta kwanza, kisha kupaka tabaka jembamba jembamba. Treni ikapiga honi, ukaondoka na chokaa kwenye kucha. Masika yamepita, ukuta mkavu. (Saruji tulisakafia banda la kuku.) Asante sana, mzee.