Boga lipimwe kwa gramu, si kwa vikombe

Mhariri,

Kila ifikapo miezi ya Septemba hadi Novemba, majani yanapopukutika katika nchi za kaskazini mwa dunia, kurasa za mapishi hujaa keki, biskuti na pai za boga, na gazeti lako nalo halikubaki nyuma. Nimeyasoma mapishi hayo kwa furaha, ila naomba nafasi nieleze upungufu mmoja ambao umewapotezea wengi unga, mayai na sukari: boga hutajwa kwa vikombe, wala msomaji haambiwi lolote kuhusu maji yaliyomo ndani yake.

Boga bichi ni maji kwa takriban asilimia 90. Ukilichemsha, kama mapishi mengi yanavyoelekeza, unaliongezea maji juu ya yale liliyonayo. Ukiliponda na kulichanganya papo hapo na unga, keki huumuka vizuri ndani ya oveni na kupendeza kwa macho, kisha hubonyea katikati ikianza kupoa, na ukiikata unakuta tabaka la chini limeshikana, lina unyevu na linanata kwenye kisu. Mimi mwenyewe niliilaumu oveni kwa miaka miwili, nikawa naongeza dakika za kuoka mpaka kingo zinaungua, kumbe kosa lilikuwa kwenye sufuria.

Kilichonisaidia ni kulipasua boga vipande viwili, kutoa mbegu, kulilaza kifudifudi kwenye trei na kulioka katika nyuzi 200 za Selsiasi mpaka kisu kipenye bila kulazimishwa, jambo ambalo kwa boga dogo huchukua kati ya dakika 45 na saa moja. Nyama yake ikishakwanguliwa na kupondwa, rojo huachwa kwa saa kadhaa juu ya kitambaa safi kilichotandazwa ndani ya chujio, au hukorogwa lenyewe kwenye kikaango, kwa moto mdogo, hadi ligandamane na mwiko. Maji yanayotoka ni mengi kuliko mtu anavyodhani. Hapo ndipo lipimwe, na lipimwe kwa mizani, maana kikombe cha rojo zito na kikombe cha rojo la majimaji hulingana kwa macho tu.

Aina ya boga nayo ina umuhimu wake. Yale makubwa yanayochongwa sura za kutisha wakati wa Halloween yalizalishwa kwa ajili ya umbo na ukubwa, kwa hiyo nyama yake ni chapwa na ina nyuzinyuzi. Huko Marekani kwenyewe, ambako pai ya boga haikosekani mezani siku ya Thanksgiving, boga la kopo kwa kawaida hutokana na aina yenye ganda la rangi ya chai ya maziwa, si lile la rangi ya chungwa linalopigwa picha.

Kuhusu viungo, nitasema machache. Mchanganyiko unaouzwa kwa jina la viungo vya boga hauna boga ndani yake. Ni mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu, vikaitwa hivyo kwa sababu ya pai vinayotiwa. Mapishi yenu ya hivi karibuni yalitaka kijiko kikubwa cha karafuu ya unga kwa keki moja. Nadhani palikuwa na kosa la uchapaji, kwani karafuu ina mafuta yanayotia ganzi ulimi, ndiyo maana hutuliza hata jino linalouma, na robo ya kijiko cha chai inatosha kabisa. Ni vyema pia viungo vipashwe kidogo ndani ya siagi kabla ya kuchanganywa, kwa kuwa harufu yake huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji.

Namwomba basi mwandalizi wa ukurasa huo aandike uzito wa rojo kwa gramu, aseme limekaushwa vipi, na kwa upande wa pai aeleze kwamba hutolewa ovenini sehemu yake ya katikati ikiwa bado inatikisika kidogo, kwa sababu mayai yaliyomo huendelea kuiva nje ya oveni na yakizidishiwa moto pai hupasuka. Kama nafasi ni finyu, picha ya keki inaweza kupunguzwa.

Wako mtiifu,
Msomaji wa ukurasa wa mapishi