Shujaa wa riwaya ya Malta hakuazimwa Ufaransa

Mhariri,

Kila inapotajwa riwaya ya kisasa ya Malta, husemwa kwamba shujaa wake, yule mpweke anayekosana na kijiji na kanisa lake, ameazimwa kutoka kwa wanafalsafa wa Ufaransa. Sikubaliani na dai hilo hata kidogo.

Mchukueni Leli, kijana wa riwaya Leli ta' Ħaż-Żgħir aliyoiandika Ġużè Ellul Mercer mwaka 1938. Kosa lake ni kusoma. Anasoma, anaanza kuhoji aliyofundishwa, na wanakijiji wanamwona kituko. Msomaji wa leo anaweza kuuliza: kuna nini hapo? Lakini katika kijiji cha Malta cha enzi hizo parokia ilishika kila kitu, kuanzia kengele za kuamkia hadi sikukuu ya mtakatifu msimamizi. Aliyeitilia shaka alikuwa amegombana na mama yake, jirani zake na marehemu wake kwa mpigo.

Mwandishi mwenyewe yalimfika. Aliingia siasa, akawa mmoja wa viongozi wa Chama cha Labour cha Dom Mintoff. Aprili 1961, katika mgogoro wa chama hicho na Kanisa Katoliki, Askofu Mkuu Mikiel Gonzi aliwanyima viongozi hao sakramenti. Kusoma magazeti ya chama kukatangazwa kuwa dhambi ya mauti. Wafuasi wa chama waliotaka kuoa walifungishwa ndoa sakristia, chumba cha kuvalia mapadri, mbali na altare. Ellul Mercer alifariki mwaka huohuo, akazikwa kwenye sehemu isiyobarikiwa ya makaburi ya Addolorata, sehemu ambayo watu waliiita il-Miżbla, yaani jalala. Mwandishi wa Leli, jalalani! Mapatano kati ya Kanisa na chama yalikuja 1969.

Waandishi vijana walioanzisha vuguvugu la fasihi mwaka 1967 walikulia katika mgogoro huo. Mmoja wao, Frans Sammut, alipotoa riwaya ya Il-Gaġġa mwaka 1971, maana yake kizimba, hakuhitaji kufundishwa na mtu wa Paris kizimba kikoje. Hata mwandishi Oliver Friggieri, aliyekuwa muumini, aliandika mwaka 2000 habari za binti aliyepata mimba nje ya ndoa na jinsi kijiji kilivyomwelemea. Friggieri anakipenda kijiji hicho, na bado hafichi ukatili wake.

Nawaomba wahakiki wanaoandika katika kurasa zako waanzie Addolorata kabla ya kukimbilia Ufaransa.

Msomaji wako,
Tanga