Presha ya mapafu haionekani kwenye mkanda wa mkononi

Mhariri,

Kurasa za afya huandika sana kuhusu presha ya wajawazito, na hatulalamiki, maana kifafa cha mimba kinaua. Ila ipo presha nyingine ambayo mkanda wa kupimia presha mkononi hauioni kabisa: ile iliyo ndani ya mishipa inayopeleka damu kutoka upande wa kulia wa moyo hadi mapafuni. Mama anaweza kupimwa 110 kwa 70 kila anapokwenda kliniki, akaambiwa yuko salama, kumbe presha ya mapafu imefika mara tatu ya kawaida.

Ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu. Mapafu yenye afya huipokea kwa kutanua mishipa yake. Mishipa iliyokakamaa haitanuki, na upande wa kulia wa moyo, ambao kwa maumbile una ukuta mwembamba, husukuma mpaka unachoka. Damu isiyovuka mapafu haifiki upande wa kushoto, ndiyo sababu mama huzirai akipanda ngazi au akisimama ghafla.

Mwongozo wa mwaka 2018 wa madaktari wa moyo wa Ulaya uliweka vifo vya wajawazito wenye presha ya mapafu inayotokana na ugonjwa wa ateri zenyewe za mapafu kati ya asilimia 16 na 30. Ndiyo maana wanawake hao hushauriwa wasishike mimba, na aliyekwisha kuishika hupewa mapema maelezo ya wazi, ikiwemo nafasi ya kuisitisha kwa usalama. Haya si maneno matamu, lakini kuyaficha ni vibaya zaidi. Si kila presha ya mapafu ni ya aina hiyo: ikisababishwa na valvu ya moyo iliyosinyaa, kwa mfano, valvu hiyo huweza kupanuliwa kwa puto hata wakati wa ujauzito.

Ugumu ni kwamba dalili za mwanzo hujificha nyuma ya ujauzito wenyewe. Kuchoka, kuhema na kuvimba miguu humpata karibu kila mjamzito. Kinachotakiwa kumshtua mkunga ni mama anayehema akiwa ameketi, asiyeweza kulala chali, anayezirai, anayekohoa damu, mwenye midomo ya buluu au mishipa ya shingo iliyojaa. Huyo apimwe moyo haraka kwa eko, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti, hasa akiwa na historia ya tundu la moyo, ugonjwa wa valvu, selimundu, VVU, kichocho au damu kuganda mapafuni. Eko hukadiria tu. Jibu la uhakika hutokana na mrija unaopitishwa hadi moyoni, na wastani wa presha ya mapafu unaozidi milimita 20 za zebaki ndio unaohesabiwa ugonjwa.

Upande wa dawa za presha ya mapafu, makosa ni ya pande mbili. Bosentan, ambrisentan, macitentan na riociguat huharibu kijusi, hivyo hubadilishwa. Sildenafil kwa kawaida huendelea, na kuiacha ghafla kwa hofu ya mtoto huweza kumwangusha mama. Asiache chochote kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Kujifungua hupangwa, mara nyingi kati ya wiki ya 32 na 36, mahali penye daktari wa moyo, wa uzazi na wa usingizi pamoja. Ganzi ya uti wa mgongo inayotolewa yote kwa mkupuo hushusha presha ghafla. Huchaguliwa ile inayoongezwa kidogo kidogo. Ergometrini isitumike kuzuia damu, kwa sababu hubana mishipa ya mapafu. Oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, hutolewa polepole kwa dripu, si kwa kusukumwa mara moja. Dripu ya maji nayo ipimwe kwa uangalifu, maana moyo uliojaa hauhitaji kujazwa zaidi.

Wengi hupumua mtoto akishalia. Mapema mno! Mji wa mimba ukijikaza hurudisha damu nyingi kwenye moyo uliochoka, na vifo vingi hutokea katika siku na wiki za kwanza baada ya kujifungua. Kumhamishia mama wadi ya kawaida baada ya saa chache, kwa kuwa presha ya mkono ni nzuri, ni kurudi kwenye kosa lile lile la mkanda. Akae kwenye uangalizi maalumu kwa siku kadhaa, oksijeni, mkojo na uzito vikiandikwa.

Kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, uzazi wa mpango uamuliwe. Vidonge vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda, na bosentan hudhoofisha nguvu ya njia za homoni, kijiti kikiwemo. Lupu hufaa, ila iwekwe hospitalini, kwa kuwa wakati wa kuiweka mapigo ya moyo huweza kushuka ghafla. Na kadi yake iandikwe kwa herufi kubwa: PRESHA YA MAPAFU, pamoja na tarehe ya eko inayofuata.

Wahudumu wa afya ya moyo na uzazi