Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mtoto Anayeendelea Kukoroma Baada ya Dawa ya Kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia nikiwa muuguzi wa wodi ya watoto, kuhusu ugonjwa ambao huenda hujawahi kuuona katika taarifa zinazoletwa mezani kwako, kwa sababu ni nadra na kwa sababu mara nyingi huandikwa kwa jina la ugonjwa mwingine. Ni maambukizi ya bakteria kwenye koo la hewa, yaani trakea, njia inayoanzia chini ya zoloto (kisanduku cha sauti) na kushuka kifuani. Kwa saa za mwanzo mtoto mwenye ugonjwa huu hafanani na mwingine ila yule mwenye krupu ya kawaida, ile inayoletwa na virusi na kumfanya mtoto akohoe kama anayebweka. Tofauti hiyo isipotambuliwa mapema, mtoto anaweza kuzibwa pumzi mbele ya wahudumu ambao wametimiza kila walichoagizwa na mwongozo wao.

Ombi langu ni moja. Mwongozo wa matibabu ueleze waziwazi nini kifanyike pale mtoto aliyetibiwa kwa krupu anapokosa nafuu, kwa maana kukosa nafuu huko ndiyo dalili yenyewe.

Nilijifunza jambo hili kwa mtoto wa miaka minne. Aliletwa jioni akiwa na mafua ya siku tatu, sauti iliyokauka na kikohozi cha kubweka. Akapewa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, akavutishwa adrenalini kwa mvuke ili njia ya hewa ifunguke, na mkoromo, ile sauti ya hewa inayopita kwa shida anapovuta pumzi, ukapungua kidogo kisha ukarudi. Akarudiwa mvuke, nao haukusaidia kitu. Homa ilipanda, akaacha kulia, akawa anatutazama tu. Mama yake aliniambia, "Nesi, huyu si yule niliyekuja naye jioni." Niliyaandika maneno hayo katika faili, na ninakiri kwamba niliyaandika bila kuyasikiliza. Kabla usiku haujaisha alikuwa katika chumba cha upasuaji, na mtaalamu wa usingizi alipofanikiwa kumpitishia mpira wa kupumulia, kilichovutwa humo kilikuwa usaha mzito wenye vipande vya utando. Maabara baadaye ikaotesha bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Alipona, lakini hatukuwa tumemwahi, tulibahatika.

Ni vyema nieleze kwa nini ugonjwa huu una haraka kiasi hiki. Njia ya hewa ya mtoto mchanga ina upana wa takriban milimita 4. Ukuta wake ukivimba milimita 1 tu kuzunguka pande zote, upana unabaki milimita 2, na nafasi ya kupitisha hewa inakuwa robo ya ile ya awali. Mtu mzima mwenye njia ya milimita 8 akivimba kiasi hicho hicho hubakiwa na zaidi ya nusu ya nafasi yake, na huenda akalalamika koo tu. Juu ya uvimbe huo, bakteria huleta usaha na utando unaobanduka vipande vipande, na kipande kimoja kikikaa vibaya huziba njia yote kwa ghafla. Ndiyo maana mtoto anayeonekana kujikaza kwa saa kadhaa anaweza kuzidiwa kwa dakika chache.

Mara nyingi virusi hutangulia. Mafua makali, virusi vya parainfluenza (vinavyoleta krupu) au surua huharibu utando laini wa ndani ya koo la hewa, kisha bakteria waliokuwa puani na kooni bila madhara wanapata mahali pa kushambulia. Staphylococcus aureus ndiye anayetajwa zaidi, na wengine ni streptokoka, nyumokoka, Moraxella na Haemophilus. Ugonjwa ulishaelezwa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, ukasahaulika, hadi mwaka 1979 madaktari wa Marekani walipoandika habari za watoto wanane na kuupa tena jina lake. Ninalitaja hili kwa sababu ugonjwa uliowahi kuwaponyoka madaktari wa hospitali kubwa kwa miaka mingi hauwezi kuachwa utambuliwe kwa bahati na muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku.

Dalili zake, zikiwekwa pamoja, si fumbo. Mtoto huwa na mafua na kikohozi kwa siku moja hadi chache, kisha, badala ya kupona, hali inageuka ndani ya saa kadhaa: homa kali, uso wa mtu mgonjwa sana, mkoromo wakati wa kuvuta pumzi na pengine hata wakati wa kuitoa, kifua kubonyea ndani, mapigo ya moyo kwenda mbio. Krupu ya virusi kwa kawaida huja na homa ya wastani, humkuta zaidi mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitatu, na huitikia deksamethasoni. Mwenye bakteria mara nyingi ana umri mkubwa kidogo, ingawa umri peke yake usimpumbaze mtu. Mkoromo unaopungua nao usifurahiwe haraka: mtoto aliyechoka hukoroma kidogo kwa sababu hewa inayopita ni kidogo, na utulivu wake ukiambatana na midomo ya bluu au usingizi usio wa kawaida ni tangazo la hatari.

Kuna magonjwa mengine ya kutofautisha. Uvimbe wa kile kifuniko kidogo kilicho juu ya zoloto humfanya mtoto akae ameinama mbele, atokwe udenda, ashindwe kumeza na akatae kulala chali, ilhali mwenye maambukizi ya trakea kwa kawaida humeza mate yake, hukohoa na huweza kulala chali. Dondakoo huacha utando wa kijivu unaoonekana kooni na huhitaji dawa yake maalumu ya kuzima sumu ya bakteria wake. Kitu kilichomezwa vibaya huja ghafla, bila mafua kabla yake.

Sasa, Mheshimiwa, ni matibabu. Kazi ya kwanza ni njia ya hewa, na antibiotiki hufuata. Mtoto aachwe katika mapaja ya mzazi, apewe oksijeni kwa namna isiyomtisha, wala asichunguliwe koo kwa kijiti cha kukandamizia ulimi, kwa kuwa kilio kimoja kinaweza kumaliza nafasi iliyobaki. Asipelekwe kupigwa picha ya shingo akiwa katika hali hiyo. Picha inaweza kuonyesha kingo za trakea zilizochakaa, lakini chumba cha eksirei si mahali pa mtoto kuzibwa pumzi. Aitwe mtu mwenye ujuzi mkubwa kuliko wote waliopo wa kuweka mpira wa kupumulia, na kazi hiyo ifanyike katika chumba cha upasuaji au cha wagonjwa mahututi, daktari wa upasuaji akiwa tayari. Mpira uwe mwembamba kwa angalau nusu milimita kuliko ule ambao umri wa mtoto ungedai. Penye kifaa cha kuchungulia ndani ya trakea, utando huondolewa kwa kuangalia, na ugonjwa huthibitishwa papo hapo.

Antibiotiki hutolewa kwa mshipa bila kusubiri majibu ya maabara, nazo lazima zimfikie Staphylococcus aureus pamoja na wale wengine: seftriaksoni ikifuatana na kloksasilini, au na vankomisini pale bakteria sugu wanapohofiwa, na kwa kawaida matibabu huendelea siku 10 hadi 14. Damu ikioteshwa maabara mara nyingi haioti kitu, hivyo jibu safi la damu lisitumike kusimamisha dawa.

Jambo ambalo sisi wauguzi tunalijua kuliko wanaotuandikia miongozo ni kwamba kuweka mpira si mwisho wa hatari. Mpira wenyewe huziba. Usaha huganda ndani yake, na mtoto aliyekuwa salama saa moja iliyopita anaanza kubadilika rangi huku mashine ikilia. Anahitaji kuvutwa ute mara kwa mara, hewa yenye unyevu, na mtu mmoja asiyeondoka kitandani pake usiku wala mchana. Idadi ya wauguzi katika zamu, kwa mgonjwa wa namna hii, ni sehemu ya dawa.

Sikuombi kila mtoto anayebweka kwa kikohozi apewe antibiotiki. Krupu nyingi ni za virusi, antibiotiki haziwasaidii watoto hao hata kidogo, na kuzigawa ovyo kunatuletea bakteria sugu ambao kesho watatushinda katika mgonjwa huyu huyu ninayemtetea. Ninaomba mstari mmoja ubandikwe chini ya maelekezo ya krupu: mtoto mwenye homa kali na sura ya kuugua sana, au ambaye mkoromo wake hautulii baada ya deksamethasoni na adrenalini, ahesabiwe kuwa na maambukizi ya bakteria ya trakea mpaka ithibitike vinginevyo, na mtaalamu wa njia ya hewa aitwe wakati huo huo, si baada ya mvuke wa tatu.

Kwa vituo vidogo, msingi tayari upo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kuwahudumia watoto wagonjwa walio chini ya miaka 5, uliotumika katika nchi nyingi tangu miaka ya 1990, humtaka mhudumu amsikilize mtoto akiwa ametulia. Mkoromo ukisikika katika utulivu huo ni dalili ya hatari, mtoto apewe dozi ya kwanza ya antibiotiki na kupelekwa hospitali haraka. Upungufu uko katika safari ya kwenda hospitali. Rufaa ya karatasi, mtoto akiwa na mzazi peke yake ndani ya gari, kwa ugonjwa huu haitoshi. Asindikizwe na mhudumu mwenye oksijeni, mfuko wa kupulizia pumzi na barakoa ya saizi ya mtoto, na hospitali inayompokea ipigiwe simu kabla gari halijaondoka.

Vifaa ninavyoviomba si vya kuzinduliwa kwa utepe. Ni mipira ya kupumulia ya watoto ya kila saizi, pamoja na ile ya saizi za katikati, zinazopishana kwa nusu milimita, ambayo huisha kwanza; mashine ya kuvuta ute inayofanya kazi; na kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, chenye kibanio cha kidole kidogo. Na chanjo za surua, nyumokoka, Haemophilus aina ya b na dondakoo zisikatike ghalani, kwa kuwa zinatupunguzia wagonjwa wa namna hii, au wale wanaofanana nao, kabla hawajafika mlangoni kwetu.

Rasimu ya mstari ninaouomba nimeiandika kwa maneno yasiyozidi hamsini, ili itoshee katika bango la maelekezo ya krupu lililopo bila kulichapa upya lote. Niko tayari kuileta mbele ya wataalamu wako waikosoe.

Wako katika utumishi,

Muuguzi wa wodi ya watoto